Amiba ni mlaji wa bakteria. Mbona bakteria wa magonjwa hunawiri tumboni mwake?

Swali: "Shuleni tulifundishwa kwamba amiba huishi kwa kula bakteria. Hivi karibuni nimesoma kwamba bakteria wanaoleta nimonia hatari kwenye majengo makubwa hutunzwa na amiba walio ndani ya mabomba, na kwamba klorini haiwafikii humo. Mambo haya mawili yanapatanaje? Na je, ni ugonjwa huo mmoja tu, au kuna mengine? Mimi ni fundi, nasimamia matangi na mabomba ya jengo lenye vyumba vingi, kwa hiyo naomba jibu ambalo naweza kulifanyia kazi."

Ndugu fundi, yote mawili uliyoyasoma ni kweli, na la pili limezaliwa na la kwanza. Viumbe wa seli moja wa jamii ya amiba wamekuwa wakiwala bakteria tangu kabla dunia haijapata mnyama hata mmoja. Katika muda wote huo, bakteria aliyeshindwa kujitetea aliliwa na hakuacha kizazi, na yule aliyekuwa na njia ya kutosagwa aliacha kizazi kingi. Baadhi ya bakteria wanaotuua leo walipata silaha zao huko, kwenye matope na maji, katika vita ambavyo sisi hatumo. Ukilishika hilo, mengi ya ajabu kuhusu magonjwa haya yataeleweka, na hata kazi yako ya mabomba utaitazama kwa jicho jingine.

Kabla sijaendelea, tutenganishe amiba wa aina mbili. Yule anayetajwa hospitalini mtu anapoharisha damu ni Entamoeba histolytica, kimelea cha utumbo wa binadamu. Ninaowazungumzia hapa ni amiba huru, wasiohitaji mwenyeji yeyote. Wanaishi kwenye udongo, vumbi, mito, bahari, mabwawa ya kuogelea, matangi na ndani ya mabomba. Wanaochunguzwa zaidi ni Acanthamoeba, Vermamoeba vermiformis na Naegleria. Acanthamoeba aliye hai na anayetambaa ana upana wa mikromita 15 hadi 35 hivi (mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ilhali bakteria wa kawaida ana urefu wa mikromita 1 au 2. Ndani ya amiba mmoja, basi, pana nafasi ya bakteria mamia.

Mlo wenyewe huenda hivi. Amiba akigusana na bakteria hunyoosha sehemu ya mwili wake, akamzingira na kumfunga ndani ya kifuko. Papo hapo kifuko hicho huanza kugeuzwa kuwa mahali pa kuulia. Pampu zilizo kwenye ukuta wake huingiza asidi. Vifuko vingine vilivyojaa vimeng'enya vya kusaga huja kuungana nacho. Kemikali kali zinazotokana na oksijeni humwagwa ndani. Madini ya chuma, ambayo bakteria hawezi kuishi bila hayo, huvutwa nje, na badala yake huingizwa shaba na zinki hadi kufikia kiwango cha sumu. Bakteria walio wengi hawamalizi saa chache humo.

Sasa soma tena aya hiyo ukiyafikiria mapafu yako. Ndani ya vijifuko vya hewa vya mapafu kuna seli za kinga ziitwazo makrofaji. Kazi yake ni kumeza uchafu na vijidudu vinavyovutwa pamoja na hewa, na namna zinavyomeza ni ileile: kifuko, asidi, vimeng'enya, oksijeni yenye sumu, chuma kunyimwa, shaba kuongezwa. Kufanana huku si bahati tu. Ufundi wa kumeza na kusaga ni wa kale sana, na matawi mengi ya uhai yaliurithi, likiwemo letu. Kwa hiyo bakteria aliyeweza kuuzima ufundi wa amiba anaweza pia kuuzima wetu, hata kama ukoo wake haujawahi kukutana na binadamu.

Bakteria uliyemsoma ni Legionella pneumophila. Alijulikana kutokana na msiba. Julai 1976, wanachama wa chama cha maveterani cha American Legion walikutana katika hoteli ya Bellevue-Stratford mjini Philadelphia, Marekani. Watu 221 waliugua nimonia ambayo hakuna aliyejua chanzo chake, na 34 walifariki. Ilichukua miezi mingi hadi Joseph McDade, wa kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, alipomtambua bakteria mwenyewe, na habari hiyo ikatangazwa Januari 1977. Swali likabaki: bakteria huyu ni mgumu mno kumwotesha maabara. Hawezi kujitengenezea sisteini, kijenzi kimoja cha protini, anahitaji chuma kingi, na chakula cha kawaida cha maabara hakimfai. Atawezaje kiumbe mchaguzi namna hiyo kuishi kwenye maji ya bomba yasiyo na chakula?

Jibu lilitoka Leeds, Uingereza, mwaka 1980. Timothy Rowbotham alionyesha kwamba Legionella huwaambukiza Acanthamoeba na Naegleria na kuzaana ndani yao. Kumbe chakula chake chote, pamoja na hiyo sisteini, anakipata ndani ya seli ya amiba. Majini anaweza kudumu, lakini kuzaana kwa wingi hufanya ndani ya aliyemmeza.

Namna anavyofanya hivyo imechunguzwa kwa miaka zaidi ya 40, na bado inanistaajabisha. Legionella ana mtambo wa protini uitwao Dot/Icm unaotoboa ukuta wa kifuko na kuingiza protini zake ndani ya mwili wa amiba. Protini hizo ni zaidi ya aina 300. Nyingine huzuia kifuko kisiungane na vile vya vimeng'enya. Nyingine huviteka vifurushi vya utando ambavyo amiba huvisafirisha kwa shughuli zake za ndani, zikavigandisha kwenye kifuko cha bakteria, hadi kifuko hicho kinafanana na kiungo halali cha amiba. Humo bakteria hugawanyika, na kugawanyika tena. Virutubisho vikianza kupungua hubadilika: wanaota mkia wa kuogelea, wanakuwa wagumu zaidi, kisha wanampasua amiba na kutoka kwenda kutafuta mwingine. Mzunguko mzima huweza kumalizika kwa siku moja hadi tatu.

Jenomu yake, yaani jumla ya jeni zake, iliposomwa mwaka 2004, watafiti walikuta jeni nyingi zinazofanana na za viumbe wenye seli zenye kiini kuliko za bakteria. Maelezo yanayokubalika ni kwamba nyingi kati ya hizo zilichukuliwa kutoka kwa wenyeji wake wa kale. Anaposema na seli ya amiba, anatumia protini zilizotokana na seli za aina hiyo.

Kwa nini protini 300, wakati bakteria wengine wanaoishi ndani ya seli hutosheka na kadhaa tu? Mwaka 2011 watafiti walichapisha jaribio ninalolipenda sana. Waliondoa karibu theluthi moja ya protini hizo kwa mkupuo, wakamwacha Legionella aliyepunguzwa. Ndani ya makrofaji za panya alikua karibu kama kawaida. Lakini alipopelekwa kwa amiba wa aina mbalimbali alidhoofika, kwa huyu kidogo, kwa yule sana. Maana yake ni kwamba shehena hiyo kubwa ya silaha ni kwa ajili ya wenyeji wengi tofauti walio majini, kila mmoja na kinga yake. Mapafu ya mamalia hayakuhitaji ustadi wote huo.

Na kwa Legionella, binadamu ni mwisho wa njia. Ugonjwa huu hauambukizwi kutoka mtu hadi mtu. Tukio pekee linalodhaniwa kuwa la namna hiyo liliripotiwa Ureno, katika mlipuko wa mwaka 2014. Bakteria anayeingia kwenye pafu hana pa kwenda tena, kwa hiyo kutuua hakumfaidishi chochote. Ndiyo maana nasisitiza kwamba nimonia hii ni tukio la pembeni katika maisha ya bakteria wa maji. Hilo halipunguzi uzito wake kwa mgonjwa: takriban mtu 1 kati ya 10 wanaougua hufariki, na waliomo hatarini zaidi ni wazee, wavuta sigara, wenye magonjwa sugu ya mapafu na wale ambao kinga yao imeshuka.

Sasa tuje kwenye klorini, maana hapo ndipo kazi yako ilipo.

Amiba huru ana hali mbili. Mambo yakiwa mazuri anatambaa na kula. Chakula kikiisha, au maji yakikauka, au kemikali ikizidi, hujikunja, akajifunika kwa ganda na kuwa sisti. Ganda la Acanthamoeba ni la tabaka mbili na lina selulosi, kitu kilekile kinachoimarisha kuta za mimea. Sisti zake zimewahi kurudi kuwa amiba hai baada ya kuhifadhiwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1990, Simon Kilvington na mwenzake walionyesha kwamba Legionella waliokuwa ndani ya sisti za Acanthamoeba polyphaga walinusurika kwenye klorini huru ya miligramu 50 kwa lita. Linganisha na maji ya bomba, ambamo klorini inayobaki kwa kawaida haifiki miligramu 1 kwa lita. Unapomwaga klorini kali kwenye mfumo unawaua bakteria walio huru majini, na vipimo vya wiki inayofuata vinakuja safi. Klorini ikishuka, sisti hupasuka, amiba hutoka, na pamoja naye hutoka wale aliowahifadhi. Mafundi wengi wamekutana na hali hiyo wakadhani kwamba dawa ilikuwa feki au vipimo vilikosewa. Mara nyingi dawa ilifanya kazi yake yote iliyowezekana.

Kuna jingine linalohusu vipimo. Legionella akibanwa na njaa au kemikali anaweza kuingia katika hali ambayo yu hai lakini haoti kwenye sahani ya maabara. Ukimpima kwa kumwotesha, majibu yanasema hayupo. Mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba bakteria wa namna hiyo wakipewa Acanthamoeba castellanii huamka na kuanza kuota tena. Kwa sababu hiyo maabara zenye uwezo hutumia amiba wenyewe kama chambo: sampuli ya maji huchanganywa na amiba hai, kisha hutazamwa nani atazaliana ndani yao.

Njia hii ya chambo ilileta jambo ambalo halihusu mabomba yako moja kwa moja, lakini siwezi kulipita. Mwaka 1992, katika uchunguzi wa mlipuko wa nimonia mjini Bradford, Uingereza, sampuli ya mnara wa kupoozea (mtambo unaopoza maji ya mfumo wa ubaridi wa jengo) ilitoa kitu kilichokuwa kikikua ndani ya amiba na kikapokea rangi ya maabara kama bakteria wa duara. Kiliwekwa kando kwa miaka, kwa kuwa kila jaribio la kukisoma kama bakteria lilishindikana. Mwaka 2003 ndipo timu ya Ufaransa ilipotangaza kwamba ni kirusi, chenye jenomu ya herufi milioni 1.2 hivi, kubwa kuliko za baadhi ya bakteria. Kikaitwa Mimivirus, na kimefungua tawi zima la elimu ya virusi. Kilikuwa kwenye maji ya kupoozea jengo, ndani ya amiba, mahali ambapo hakuna aliyefikiri kutafuta virusi.

Turudi. Amiba humpa Legionella faida nyingine tatu ninazozijua, na zote zinatuhusu. Bakteria waliokulia ndani ya amiba huwa na uwezo mkubwa zaidi wa kuvamia seli kuliko waliokulia kwenye sahani; hilo lilionyeshwa mwaka 1994. Wanapotoka huweza pia kuhimili kemikali vizuri zaidi. Tena amiba aliyeambukizwa hutema vifuko vidogo vya mikromita chache vilivyosheheni bakteria hai. Ukubwa huo ni uleule wa chembe zinazoweza kuvutwa hadi ndani kabisa ya mapafu. Kwa hiyo idadi ya bakteria kwa lita haisemi yote. Maji yenye bakteria wachache waliotawanyika na maji yenye idadi hiyohiyo iliyofungwa pamoja katika vifuko vichache si hatari sawa, hata kama karatasi ya maabara inaonyesha namba ileile.

Mshindi wa pambano hili, hata hivyo, hajaandikwa mapema. Kwenye maji ya baridi, karibu nyuzi 20 za Selsiasi au chini yake, Acanthamoeba mara nyingi humsaga Legionella kama mlo mwingine wowote. Maji yakipanda kuelekea nyuzi 35, mizani hugeuka na bakteria hushinda. Jozi ileile ya viumbe, kwenye tangi lilelile, huwa mla na mliwa asubuhi ya baridi, na kinyume chake hita ikiwa imewekwa kwenye uvuguvugu. Sijui namna nyingine fupi zaidi ya kueleza kwa nini maji ya vuguvugu yaliyotuama ndiyo adui wako mkubwa.

Uliuliza kama kuna magonjwa mengine. Yapo, ingawa uhusiano wa amiba na kila bakteria ni wa aina yake, na ushahidi hauna uzito sawa.

Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, amefuatiliwa vizuri. Anaishi majini hata pasipo mgonjwa. Kazi iliyochapishwa mwaka 2016 na kikundi cha Melanie Blokesch huko Lausanne, Uswisi, ilionyesha kwamba baadhi yao wakimezwa na Acanthamoeba castellanii huponyoka kwenye kifuko cha chakula na kujipenyeza katika kifuko kingine kabisa, kile ambacho amiba hukitumia kusukuma nje maji yaliyozidi mwilini. Huko huzaana kwa utulivu. Amiba akijifanya sisti, wanabaki naye ndani. Hatimaye humuua na kurudi majini. Mtambo mmoja wa bakteria huyu, sindano ya protini inayoitwa mfumo wa aina ya sita, uligunduliwa mwaka 2006 kwa kumpambanisha na amiba wa udongo, Dictyostelium discoideum. Leo tunajua mtambo huo umeenea kwa bakteria wengi, na huutumia pia kuuana wao kwa wao.

Bakteria wa jamii ya Mycobacterium, ambamo zimo kifua kikuu na ukoma, ni wataalamu wa kukaa ndani ya makrofaji. Mycobacterium avium, anayewaletea ugonjwa watu wenye mapafu mabovu au kinga iliyoshuka na anayepatikana sana kwenye mabomba na vichwa vya shawa, huishi ndani ya amiba na hujificha kwenye ukuta wa sisti yenyewe, kati ya tabaka zake. Kuhusu ukoma, jaribio la mwaka 2014 lilionyesha kwamba Mycobacterium leprae waliofungwa ndani ya sisti za amiba walibaki hai hadi miezi 8, na bado waliweza kuambukiza panya. Hilo linavutia sana, kwa kuwa bakteria huyu hajawahi kuoteshwa kwenye sahani ya maabara yoyote. Lakini jaribio la maabara si uthibitisho kwamba watu huambukizwa ukoma kutoka kwa amiba, na ningekuomba usilisambaze hivyo. Wagonjwa wa ukoma wamebeba unyanyapaa wa kutosha.

Francisella tularensis wa tularemia na Burkholderia pseudomallei wa melioidosisi, magonjwa mawili hatari ya bakteria, nao wameonekana wakidumu ndani ya amiba. Pseudomonas aeruginosa, anayesumbua wodi za wagonjwa mahututi, hufuata njia nyingine: mara nyingi hahitaji makazi ndani ya amiba, anamdunga sumu na kumuua. Kuna wanaoliwa pia. Listeria ni hatari kwa mjamzito, na ndani ya seli za binadamu ni hodari, lakini katika majaribio mengi Acanthamoeba humla akammaliza. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kila bakteria wa ugonjwa hufichwa na amiba amevuka mpaka wa ushahidi.

Mwili wa amiba pia ni mahali ambapo bakteria wa aina tofauti, pamoja na virusi vikubwa, hujikuta wamebanana. Jeni hupita baina yao. Rickettsia bellii, jamaa wa bakteria wa homa za kupe, anaweza kuishi ndani ya amiba, na jenomu yake iliposomwa mwaka 2006 ilikutwa na jeni zinazofanana na za bakteria wengine waishio humo, wakiwemo Legionella. Kwangu mimi hili lina uzito kuliko mengi yanayoandikwa kuhusu amiba, kwa sababu linahusu magonjwa ambayo bado hayajatokea.

Sasa mabomba yako. Ukiacha kufikiria maji peke yake, fikiria ukoga unaoteleza kwenye kuta za bomba. Humo ndimo bakteria wa kawaida huota, amiba huja kuwala, na Legionella huja kwa ajili ya amiba. Ukipunguza ukoga, umepunguza amiba. Ukipunguza amiba, Legionella hana pa kuzalia. Kwa hiyo mashapo kwenye sakafu ya tangi, ukoko wa chokaa ndani ya hita, kutu na mipira iliyochakaa si suala la usafi wa kuonekana tu. Yatoe. Unapoyatoa vaa barakoa inayochuja chembe ndogo, kwa maana kusugua na kupulizia maji kwa nguvu hurusha ukungu uleule tunaouogopa. Njia ya hatari ni kuvuta matone madogo ya maji kwenye mapafu, au maji ya kunywa yakipalia. Kuyanywa na yakashuka vizuri tumboni hakuleti nimonia hii.

Joto ndilo chombo chako bora. Legionella huzaana kati ya nyuzi 20 na 45 hivi. Maji ya moto yahifadhiwe kwenye nyuzi 60 au zaidi, na yazungushwe ili yafike kwenye kila bomba yakiwa hayajashuka chini ya 50. Nyuzi 60 huunguza ngozi haraka, hasa ya watoto na wazee, kwa hiyo weka vali ya kuchanganyia karibu kabisa na mahali pa kutumia, wala usipoze tangi zima kwa ajili ya usalama wa bomba moja. Usimamizi wa majengo mengi hushusha hita hadi nyuzi 45 ili kuokoa nishati. Hilo ni kosa, na ningekushauri ulipinge kwa maandishi. Maji ya baridi yakae chini ya nyuzi 20 panapowezekana. Penye hewa ya joto hutaweza, basi funika matangi yasipigwe na jua, tenga mabomba ya baridi na ya moto, na hakikisha maji hayakai muda mrefu kabla ya kutumika.

Maji yaliyotuama ndiyo yanayofuata. Tafuta kila kipande cha bomba kilichozibwa mwisho baada ya ukarabati fulani wa zamani, ukikate karibu kabisa na bomba kuu, maana klorini na joto havifiki humo. Vyumba visivyo na watu vifunguliwe maji angalau mara moja kwa wiki, moto na baridi, taratibu, bila kutawanya ukungu. Vichwa vya shawa vifunguliwe, visuguliwe na kubadilishwa. Kama jengo lina mnara wa kupoozea, huo uwe na ratiba yake ya dawa, usafi na vipimo, pamoja na vizuizi vya matone yanayopeperuka, kwa kuwa ukungu wake huweza kuwafikia watu walio mbali na jengo lako.

Kuhusu dawa, usiitegemee dozi kubwa ya mara moja. Klorini kidogo isiyokatika huwazuia bakteria walio huru na kupunguza ukoga. Dozi kali ya ghafla huwasukuma amiba kujifunga kwenye sisti. Monokloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, hupenya ukoga vizuri kuliko klorini huru, na hospitali zilizokuwa kwenye mitandao ya maji inayoitumia zimeonekana kupata milipuko michache ya ugonjwa huu. Ina masharti yake, hasa kwa mashine za kusafisha damu, kwa hiyo isiingizwe bila mtaalamu wa maji. Na unapochukua sampuli, chukua maji ya kwanza kabla hujayaacha yatiririke, kisha pangusa ndani ya kichwa cha shawa kwa pamba, maana ukoga ndio unaosema ukweli. Majibu safi mara moja baada ya kutia dawa yana thamani ndogo. Rudia baada ya wiki chache.

La mwisho linahusu watu walio ndani ya jengo lako. Dalili huanza mara nyingi siku 2 hadi 14 baada ya kuvuta maji yenye bakteria: homa kali, kikohozi, kuishiwa pumzi, wakati mwingine kuharisha na kuchanganyikiwa. Mtu akiugua hivyo, mwambie amweleze daktari kuhusu jengo, shawa au mnara wa kupoozea, kwa sababu tiba inategemea taarifa hiyo. Dawa za jamii ya penisilini, ambazo hutolewa kwa nimonia nyingi, hazimtibu mgonjwa huyu: bakteria yumo ndani ya makrofaji, na dawa hizo hazipenyi humo vya kutosha. Zinazofaa ni zile zinazoingia ndani ya seli, kama azithromaisini na levofloksasini. Kipimo cha mkojo hutoa jibu haraka, lakini hunasa hasa kundi la kwanza la Legionella pneumophila, kwa hiyo kikisema hapana na dalili zinaendelea, daktari achukue pia makohozi, na asisubiri majibu ndipo aanze dawa.